Mundu wa Kwanza

Binti yetu Minza alifariki siku ya Jumatano, wakati watoto wenzake wanatoka shule. Nilisikia kelele zao kupitia dirisha la wodi. Walikuwa wanakimbizana barabarani, kitu ambacho yeye hakuwahi kukifanya hadi mwisho, maana akikimbia kidogo tu mifupa ilimwambia keti. Alikuwa na miaka tisa. Macho yake yalikuwa na umanjano tangu akiwa mchanga, na watu waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ni uzuri wa aina fulani. Wengine walisema hivyo mbele yetu, na mama yake alikuwa anajibu, "Ahsante."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, jina langu Masalu. Mke wangu Limi ni fundi cherehani. Minza alipokuwa hajafikisha mwaka, vidole vyake vilivimba vikawa kama vya mtu mwingine, tukampeleka hospitali, na daktari akatuchorea kwenye ubao mdogo kile kilichokuwa ndani yake. Chembe za damu za mtu mwenye afya, alisema, ni za mviringo, laini, zinateleza zinakotaka kwenda. Za mtoto huyu zinajikunja zinakuwa kama mundu wa kuvunia mpunga. Zinang'ang'aniana kwenye mishipa myembamba, na pale zinapokwama ndipo mtoto anapolia. Huu ndio ugonjwa wa selimundu. Hauambukizwi. Unarithiwa.

"Kutoka kwa nani?" aliuliza Limi.

"Kutoka kwenu wote wawili. Kila mmoja wenu alipewa na wazazi wake kamba mbili, moja nzima na moja yenye kasoro. Ile nzima inawatunza, ndiyo maana hamuumwi. Mtoto akichukua yenye kasoro kwako na yenye kasoro kwa baba yake, anakosa ya kumtunza. Na hiyo ni nafasi moja kati ya nne, kila mnapopata mimba."

Moja kati ya nne. Nilikuwa nalifundisha jambo hilo kila mwaka, kwa mifuko miwili yenye shanga nyeupe na nyeusi. Ingiza mkono huku, ingiza mkono kule, toa. Darasa lilikuwa linacheka mtu akitoa nyeusi mbili. Baada ya siku ile sikuitumia tena mifuko. Nilifundisha somo lile kwa chaki tupu, nikiwapa mgongo wanafunzi.

Hesabu inajua kujibu mara ngapi. Haijui kujibu kwa nini huyu. Na nyuma ya swali hilo lipo jingine, ambalo lilianza kunitafuna siku tuliyomzika: kama mimi nilipewa na mzazi, na mzazi akapewa na mzazi, basi mahali fulani yuko mtu ambaye hakupewa na mtu. Yuko mmoja ambaye mundu ulianzia kwake. Alikuwa nani? Alifanya nini? Alijua? Nilitaka kumwona uso. Nilitaka, nakiri, kumshika shati.

Matanga yalipovunjika, dada yangu mkubwa, Holo, alibaki nyumbani kwetu. Alinikalisha sebuleni, lakini hakupunguza sauti.

"Masalu, mdogo wangu, kwetu hakuna ugonjwa huu. Huyu mwanamke amekuja nao. Ukoo umekaa, umeona uoe kwingine, upate watoto wenye damu safi. Yeye arudi kwao, hatumfukuzi, tunampumzisha."

Limi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Wifi," alisema, "nusu nimetoa mimi. Sikatai. Nusu ya pili muulize mdogo wako aliitoa wapi."

Kisha aliingia chumbani, nikasikia zipu ya begi.

Niliitoa wapi? Asubuhi iliyofuata nilivaa shati la kazini, nikatoka kwenda shule, na njia ikakataa kunifikisha.

Nasema ilikataa kwa sababu sina neno jingine. Nilipita kwenye mashine ya kusaga, nikapita kanisani, nikakata kona ambayo nimeikata maisha yangu yote, na baada ya kona hapakuwa na shule. Palikuwa na uwanda mpana wa udongo mwekundu usio na majani, na jua limekaa juu yake halisogei. Niligeuka. Nyuma pia hapakuwa na kanisa. Sikuogopa. Mtu aliyetoka kuzika mtoto hana mahali pa kuwekea woga. Nilitembea.

Nilifika kwenye banda refu lisilo na kuta. Chini yake wamekaa watu wawili wawili, wanaelekeana, kila jozi na kamba mbili zilizolazwa sambamba juu ya magoti. Wote walikuwa wamefungwa vitambaa machoni. Nilisogea karibu na jozi ya kwanza na nikaona kwamba walikuwa na uso wangu. Mmoja alikuwa mimi nikiwa kijana, mwingine mimi wa leo, mwenye mvi kidevuni. Na wa jozi ya pili vivyo hivyo, na wa ya tatu. Banda zima lilikuwa mimi.

"Mnafanya nini?" niliuliza.

"Tunachanganya," alisema yule kijana bila kuinua kichwa. "Kamba hii umepewa na baba yako. Hii umepewa na mama yako. Kabla hujampa mtoto, lazima zilale pamoja kwanza. Tunakata zote mahali pamoja, tunabadilishana vipande, tunaunga. Inatoka kamba ambayo si ya baba yako wala si ya mama yako. Haijawahi kuwepo. Hiyo ndiyo tunampa mtoto."

Nilizinusa. Moja ilinukia tumbaku ya baba. Nyingine ilinukia moshi wa jiko la mama. Katika ile ya tumbaku nilipapasa nikakutana na kitu chembamba, kilichopinda, chenye makali. Kilinikata kidole kidogo.

"Huu ni mundu."

"Huo."

"Mlimpa Minza."

"Tulimpa."

"Mbona mmejifunga macho? Mngeona msingempa!"

Yule mwenye mvi aliacha kazi. Aliongea taratibu, kwa sauti ninayoitumia mimi kwa mwanafunzi aliyekosea kwa mara ya pili. "Tukifunguliwa tutachagua, Mwalimu. Na tukichagua tutatoa watoto wanaofanana na sisi tu, mmoja kama mwingine, mpaka siku moja utakuja ugonjwa unaojua kumuua mmoja, na kwa kumjua mmoja utawamaliza wote. Hatuoni ili watoto watofautiane. Ndiyo kazi yenyewe."

"Siku ya Minza mlikata wapi?"

"Siku hatuzijui. Wewe unaikumbuka?"

Nilijaribu. Ilikuwa lazima iwe siku fulani. Nilikuwa nasahihisha madaftari, au nakula wali na maharage, au namtania Limi juu ya kofia yake. Kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kunipata kilikuwa kinatendeka ndani ya mwili wangu, na hakuna aliyenigusa bega akaniambia tulia kidogo, leo tunakata. Ni nani basi anayeishi ndani ya mtu? Mimi ndiye mwenye nyumba, au ni mpangaji ninayesikia tu watu wakitembea juu ya dari?

"Nataka kujua ulikoanzia," nilisema.

Kijana alichukua kidole changu kilichokatwa, akakipeleka kwenye kamba, pembeni kidogo ya mundu. Palikuwa na kitundu kidogo mno. "Unakijua?"

Nilikijua. Minza alikuwa na kitundu mbele ya sikio la kulia, kidogo kama kimechomwa na sindano. Alizaliwa nacho. Mimi pia ninacho.

"Vimekaa jirani," alisema. "Vitu vilivyo mbalimbali kwenye kamba, kisu kinapita katikati vinatengana. Vilivyo jirani, kisu ni nadra kupata nafasi. Vinasafiri pamoja. Fuata kitundu, utafika."

Upande wa pili wa banda kulikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba nyingine, na nyingine, zinateremka mpaka macho yanachoka. Kila nyumba ilikuwa na milango miwili nyuma, mmoja wa kuumeni, upande wa baba, na mmoja wa kukeni, upande wa mama. Nilibisha hodi kwenye ya kwanza.

Kijana wa miaka ishirini hivi alikuwa anapiga pasi shati jeupe kwa pasi ya mkaa. Aliponiona aliiweka pasi pembeni, akainama kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," nilisema. Nilimwitikia baba yangu marahaba. Kitundu kilikuwepo, mbele ya sikio la kulia.

"Karibu ukae. Usiangalie vurugu, kesho naoa. Unatokea wapi?"

"Natokea msibani."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Binti yangu. Alikuwa anaumwa damu. Mifupa. Tangu mchanga vidole vilikuwa vinavimba."

Alikaa chini. Uso wa bwana harusi ulimtoka. "Mdogo wangu Shija naye vidole vilivimba," alisema. "Alikufa meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Wakasema shangazi amemloga. Walimtoa nyumbani kwake na mtoto mgongoni. Mimi nilibebeshwa kuni za kuchomea ile nyumba. Nilikuwa mtoto, nikaambiwa beba, nikabeba. Shangazi aliniangalia tu." Alifuta uso kwa shati lile alilokuwa analinyoosha. "Mzee, huko kwenu nako alikuwepo shangazi?"

"Hapakuwa na shangazi. Ni damu tu. Inatoka kwa baba na mama, wote wawili, na wao ni wazima, hawajui kitu."

"Kwa hiyo shangazi..."

"Hakufanya kitu."

Aliitazama pasi. Baba yangu aliishi akafa bila kumtaja Shija hata siku moja. Nilikuwa nadhani ni mtu mkavu. "Sasa huyo baba anajuaje kwamba anayo?" aliuliza hatimaye. "Mtu kama mimi, anayeoa kesho, atajuaje?"

Ningemwambia nini? Kama ningemwambia usioe, ningekuwa nani mimi niliyesimama pale nikisema?

"Sijui, mwanangu," nilisema. "Piga pasi shati lako, litapoa."

Nikapita mlango wa kuumeni.

Baada ya hapo siwezi kuzisimulia nyumba moja moja. Nilifuata kitundu. Nilikipata kwa mwanamke aliyekuwa anatwanga, kwa mwindaji mwenye kovu la chui, kwa mzee asiyeona, kwa msichana aliyenichungulia akacheka kama anavyocheka Holo. Lugha ilibadilika, ikabadilika tena, mpaka maneno hayakufanana na maneno yoyote, lakini kwenye nyumba ya kilio sikuhitaji mkalimani, na kila baada ya nyumba kadhaa ilikuwepo ya kilio. Mtoto mwenye macho ya manjano amelazwa kwenye ngozi. Mama anamsugua magoti. Baba amesimama nje anaangalia mahali ambapo hapana kitu. Yule baba nilikuwa mimi. Sisemi alifanana nami. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba ile, naangalia mahali ambapo hapana kitu, na papo hapo nilikuwa napita njiani namwona. Mara ngapi mtu mmoja anaweza kufiwa na mtoto yule yule? Na wote walitafuta wa kulaumu. Nyumba hii walimlaumu jirani. Nyumba hii waliilaumu mizimu. Nyumba hii mama alijilaumu mwenyewe akaacha kula. Mimi nilijiona bora kuliko wao, kwa kuwa mimi nilikuwa nakwenda kwa mwenye kosa hasa.

Nyumba zikapungua. Zikawa vibanda, kisha maficho ya matawi. Mwishoni njia iliteremka bondeni, kwenye maji yaliyosimama, mazito, yenye harufu ya majani yaliyooza. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba hewa ilikuwa na sauti. Na pale, pembeni ya maji, alikuwepo mwanamke mmoja na mtoto mmoja.

Alikuwa mdogo kuliko Limi. Hakuwa na jina ninaloweza kulitamka, kwa hiyo nitamwita Mama. Nyuma yake kulikuwa na vilima vya mawe vilivyopangwa kwa mikono, vifupi, vya urefu wa watoto. Mimi mwalimu wa hesabu sikuvihesabu.

"Kaa," aliniambia, kwa maneno nisiyoyajua ila nikayaelewa. "Kama umekuja kunisaidia kuchimba, bado. Bado anapumua."

Mtoto alikuwa wa kike, wa umri wa kuanza kusema maneno mawili matatu. Alikuwa amelala kwenye mapaja ya Mama, anatetemeka huku jua kali linawaka. Niligusa paji lake, nikaondoa mkono haraka. Homa.

"Hii ndiyo inawachukua," alisema Mama. "Mvua zikiisha, inakuja. Imewachukua wote. Huyu ndiye wa mwisho, na mimi sitapata mwingine, mwili wangu naujua. Huyu akienda, nakwenda naye."

Nilimgeuza mtoto kichwa taratibu. Mbele ya sikio la kulia, kitundu.

Ndipo nikamwona wa tatu, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mtoto. Alikuwa mfanyakazi kama wale wa bandani, ila huyu alikuwa amefungua macho, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu. Alikuwa ameshika kamba, na juu ya kamba, unang'aa, mpya kabisa, mundu.

"Nani amekupa huo?" nilimwuliza.

"Hakuna aliyenipa. Nilikuwa nanakili kamba ya mama yake. Ina nyuzi nyingi kuliko majani ya bonde hili, na kila uzi lazima ukae mahali pake. Uzi mmoja umeteleza. Mmoja tu."

"Kwa nini?"

"Hakuna kwa nini. Mkono ulichoka."

Nilikuwa nimevuka vizazi vyote vile kuja kusikia hivyo. Sikukuta mchawi, wala mkosaji, wala aliyekula kiapo cha uongo, wala aliyevunja mwiko. Mkono ulichoka. Hasira yangu ilisimama pale kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu.

"Naweza kuurudisha uzi mahali pake," alisema mfanyakazi. "Bado upo kwa mtoto mmoja tu. Ukisema, naunyoosha, na mundu hautakwenda kwa mtu yeyote tena. Sema."

Nilimwona Shija, ambaye sikuwahi kumwona. Nilimwona shangazi na mtoto mgongoni. Niliwaona baba wote waliosimama nje. Nilimwona Minza akishika chuma cha kitanda cha hospitali kwa mikono miwili, akiniuliza, "Baba, itaisha saa ngapi?"

"Nyoosha," nilisema. Nilisema bila kumwangalia mtoto.

Akaunyoosha.

Kwanza sikusikia kitu. Kisha mtoto alibana meno, macho yakapinduka, mwili mdogo ukakakamaa. Mama akamwinua, akaanza kuita jina. Nikataka nami kuita. Nikataka kumwita binti yangu, popote alipo, nimwambie kwamba sasa haitauma, haijawahi kuuma. Nikafungua mdomo.

Jina halikuja.

Nilitafuta. Nilikumbuka kitanda cha hospitali, lakini hakikuwa na mtu. Nilikumbuka gauni dogo la vitenge Limi akilishona, lakini sikukumbuka analishona kwa ajili ya nani. Nilikumbuka mikono miwili imeshika chuma, na baada ya kidogo chuma tu. Limi mwenyewe akaanza kuwa mwanamke fulani wa mahali fulani. Nikaangalia mikono yangu na nikaona mawe ya makaburi kupitia humo. Mtoto anakufa kwenye mapaja ya mama yake, na sisi sote tunakufa ndani yake: baba na pasi yake, Holo na kicheko chake, msichana aliyechungulia, mwindaji, wote, kimya kimya, bila hata msiba, maana hapatakuwa na wa kuja.

Nikaelewa, nikiwa na akili kidogo iliyobaki, kile nilichokuwa nimekipita kwenye nyumba zote bila kukitazama. Katika kila nyumba ya kilio walikuwepo pia watoto wengine, wenye kamba moja ya mundu na moja nzima, waliocheza nje msimu wa homa huku watoto wa majirani wamelala hoi. Homa inapenda damu laini ya mviringo. Damu yenye mundu kidogo inaishinda. Mundu mmoja unamwokoa mtoto. Miwili inamuua.

"Rudisha!" nilipiga kelele. "Rudisha ulivyokuwa!"

"Ukisema mara ya pili, sitaugusa tena. Na kila litakaloletwa na mundu huu utakuwa umelileta wewe."

"Rudisha."

Uzi ukateleza. Mundu ukakaa. Na jina likarudi kinywani mwangu, Minza, na pamoja nalo vilio vyake vyote, kimoja kimoja, sikusamehewa hata kimoja.

Mtoto alilegea. Mama akaweka sikio kifuani pake, akabaki hivyo. Jasho likaanza kumtoka mtoto kwenye paji la uso, shingoni, mgongoni. Akafungua macho, akasema neno, na nadhani lilikuwa maji. Mama alimnywesha kwa kiganja. Alikuwa anacheka huku kamasi zinamtoka, anapiga ardhi kwa mkono. Nimeona furaha nyingi. Sijaona iliyofanana na ile.

"Mbona wewe unalia?" aliniuliza. "Amepona."

"Nafurahi naye."

"Huyo si mtu anayefurahi." Aliniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza. "Wewe ni wa kwake, siyo? Sikio lako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo atakua. Atazaa."

"Atazaa. Watakuwa watu wengi sana, Mama. Huwezi kuwahesabu."

"Na wao watapona homa?"

"Wengi watapona."

"Na wengine?"

Alinisubiri. Alikuwa na haki ya kujua, na mimi sikuwa na haki ya kumharibia ile saa. Nilimshika mtoto mguu, ulikuwa umepoa. Mama alielewa ukimya wangu, kwa sababu aliyezika anaujua. Alimvuta mtoto akamfunika kwa mikono yote miwili, kana kwamba mimi ndiye nimekuja kumchukua.

"Sikukuomba uniambie," alisema.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi. Nilipanda bonde, nikakata kona, nikasikia mashine ya kusaga.

Ilikuwa mchana. Begi la Limi lilikuwa kibarazani, limefungwa. Yeye alikuwa ndani. Holo alikuwa uani anapeta mchele, na aliponiona aliuliza kama nimekula, kwa kuwa ni dada yangu na ananipenda, hilo halijawahi kuwa na shaka.

"Dada," nilisema, "unamkumbuka baba mdogo Shija?"

Ungo ulisimama. "Nani amekwambia habari za Shija?"

"Alikufa na nini?"

"Masalu, hayo ni mambo ya zamani. Yalizungumzwa yakaisha."

"Vidole vilivimba. Macho yalikuwa ya manjano. Kuna mwanamke alifukuzwa kwa ajili yake, na nyumba yake ikachomwa. Ni huu huu, dada. Uko kwetu. Ulikuwepo kabla Limi hajazaliwa. Na asingekuwepo huyo wa kwanza aliyeupata, wewe na mimi tusingekuwepo."

Holo aliuweka ungo chini. Alitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu aliyeambiwa ina kitu. Ana watoto watano na wajukuu. Nadhani alikuwa anawapitia mmoja mmoja.

"Kwa hiyo na mimi ninao?" aliuliza polepole.

"Sijui. Inawezekana. Inapimwa."

Hakuomba radhi siku ile. Alichukua khanga yake, akasimama mlangoni kwa Limi, akasema, "Wifi, mchele nimeshaupeta," akaondoka. Jambo la kuoa kwingine halikurudi tena midomoni mwa ukoo.

Nilimkuta Limi ameketi kitandani. Nilimsimulia yote: banda, baba, bonde, mtoto, na kile nilichosema mara ya kwanza na kile nilichosema mara ya pili. Sikujua kama ataniamini. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Kwa hiyo ulipewa nafasi ya kumwondolea," alisema, "ukaikataa."

"Nilimsahau jina, Limi. Alikuwa anaondoka mwenyewe. Sikuweza."

"Wewe hukuweza." Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na hilo ndilo lilikuwa gumu. "Kule mlikuwa wewe, huyo mama, na huyo mwenye kamba. Kuna aliyemuuliza Minza?"

Nilikaa sakafuni. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna anayeulizwa. Wote tunaingia hivyo, tumebebeshwa na watu waliotutaka kwa ajili yao, kwa sababu wasingeweza kuvumilia kutokuwa nasi, na sisi tunawafanyia wengine vivyo hivyo na kuita upendo. Labda ndio. Labda hakuna jina jingine. Lakini aliyeshika chuma cha kitanda hakuwa mimi.

Limi aliniacha nilie. Baadaye alishuka akakaa nami sakafuni, bega kwa bega.

"Wiki ya mwisho kuna kitu aliniambia," alisema. "Sikukwambia, nilidhani nitakiweka kwangu. Aliniuliza, 'Mama, nikifa, wewe na baba mtazaa mwingine?' Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema, 'Jibu tu.' Nikamwambia sijui mwanangu, tunaogopa. Akafikiri. Unajua anavyofikiri, na ule uso. Akasema, 'Zaeni. Ila huyo msimwite Minza. Minza ni mimi.'"

"Alisema kwa hasira?"

"Wala. Alikuwa anakula ndizi. Alisema huku anatafuna."